Kurudi Kwenye Shina Lilelile

Jumanne iliyopita nilishuka mteremko wa shamba moja upande wa Bomet kabla umande haujakauka. Mama mwenye shamba alikuwa ameshaanza kazi. Amejifunga plastiki kiunoni asilowe, kikapu kiko mgongoni, na ufito mrefu ameulaza juu ya chai ili ajue ni majani gani yamevuka kimo. Mikono yake miwili ilikwenda kama ya mtu anayefuma: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka viganja vikajaa, kisha akayarusha juu ya bega bila kugeuka kuangalia. Nilisimama kimya. Shina alilokuwa akilichuma asubuhi ile alikuwa amelichuma siku tisa kabla, na siku tisa kabla ya hapo, na kabla yake mama mkwe wake ndiye aliyelichuma. Nikajiuliza mikono ya watu wa nyumba ile imepita mara ngapi juu ya shina lile moja. Hakuna karani anayeandika hesabu ya namna hiyo.

Nilikuwa nimeitwa. Baada ya ibada ya Jumapili mama huyu alinishika mkono mlangoni mwa kanisa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Pasta, njoo uongee na huyu mtoto wangu. Huu ni mwaka wa nne anasomea kitu kimoja tu, na hicho kitu chenyewe hakionekani. Wenzake wameolewa, wengine wamewajengea wazazi wao." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Na mimi nimemwambia maneno ambayo sikupaswa kumwambia."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonitoa nyumbani mapema.

Binti alikuwa mstari wa pili, anachuma polepole, vidole vimesahau. Alipoanza shahada yake ya kwanza ya biokemia tulimwombea mbele ya kanisa. Wengi wetu tulidhani atakuwa daktari. Baadaye alipotuambia kwamba anasomea maumbo ya protini, tuliitikia kwa vichwa kama watu walioelewa, na hatukuuliza tena. Nasikitika kwa hilo. Mtu anaweza kuwa mpweke katikati ya ushirika unaompenda, kwa sababu tu hakuna aliyemwuliza swali la pili. Je, yuko mtu nyumbani kwako ambaye hujawahi kumwuliza kazi yake inafanywaje?

Safari hii niliuliza, na yeye akanieleza huku akichuma.

Protini, alisema, ni mnyororo. Pete zake huitwa asidi amino, nazo ziko za aina 20, na mwili huziunga moja baada ya nyingine kwa mpangilio ulioamriwa na jeni. Mnyororo ukishatoka haubaki umenyooka. Unajikunja na kujiviringa mpaka upate umbo lake, na umbo hilo ndilo linaloamua kazi: kubeba hewa, kusaga chakula, kuziba jeraha, kumtambua adui. Yeye anachunguza protini moja ya kimelea cha malaria. Anayetaka kutengeneza dawa ya kumzuia kimelea huyo anahitaji kulijua umbo la kile anachotaka kukizuia, kama fundi wa kufuli anavyotazama tundu kabla ya kuchonga ufunguo.

Lakini protini ni ndogo mno, hadubini ya kawaida haiioni. Kwa hiyo bakteria hupewa jeni ili waitengeneze kwa wingi, kisha hupasuliwa, na protini husafishwa. Ikishatakata huwekwa matone madogo katika sahani yenye vishimo 96, ikangojewa igande iwe fuwele, mfano wa chembe za chumvi. Fuwele ikipatikana hupigwa miale ya eksirei, miale hutawanyika na kuacha madoa, na kutoka kwenye madoa hayo umbo hufumbuliwa kwa hesabu ndefu. Miale yenye nguvu inayofaa zaidi hutoka kwenye mtambo uitwao sinkrotroni, na bara letu lote la Afrika halina hata mmoja, kwa hiyo fuwele za watafiti wa huku husafirishwa ng'ambo. Yeye bado hajafika hapo. Matone yake mengi hubaki maji, mengine hugeuka ukungu. Huyatazama moja moja, kutoka kishimo cha kwanza mpaka cha 96.

"Halafu?" nikamwuliza.

"Halafu naanza sahani nyingine, Pasta."

Mama alikuwa ameacha kuchuma, anasikiliza. Ndipo binti alipofanya jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Alichuma jani moja bichi, akalisugua kati ya viganja mpaka likatoa maji, akaliweka katika mkono wa mama yake. "Mama, shika. Tungoje kidogo."

Tukangoja sote watatu, tumeinamia kiganja kimoja. Kwanza kingo zikafifia, kisha kijani kikaanza kugeuka hudhurungi, polepole, kutoka kwenye mikunjo kwenda katikati, mpaka jani likapata rangi ya sarafu kuukuu ya shaba. Harufu nayo ikabadilika, kutoka ya nyasi ikawa kama ya tunda linaloiva.

"Hiyo ni protini inafanya kazi," binti akasema. Ndani ya jani, alieleza, mna kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi. Kinakaa chumba kimoja, na vile vitu vinavyolipa jani ukakasi vinakaa chumba kingine. Kuta zikiwa zimesimama, havikutani. Mashine za kiwandani zikilikata na kulisaga jani, kuta huvunjika, hewa huingia, na kimeng'enya hicho, ambacho kimeshika chembe za shaba katikati yake, huugeuza ukakasi ule kuwa rangi na ladha ya chai tunayoijua. Moto wa kukaushia ndio unaokisimamisha.

Mama alikitazama kiganja chake muda mrefu. "Ndiyo maana karani wa kituo anakataa majani yaliyoshindiliwa kwenye gunia," akasema. "Yanakuwa mekundu kabla hayajapimwa."

"Ndiyo hiyo, mama."

"Basi hiki kitu nakijua."

Mpendwa, nimehubiri miaka mingi juu ya mkulima wa injili ya Marko, yule anayepanda, akalala, akaamka, na mbegu ikamea asijue imemeaje. Sikuwahi kumwona akisimama mbele yangu na kikapu mgongoni. Mama huyu amekula na kusomesha watoto kwa kazi ya kitu asichokiona, na amekilinda kila siku kwa mikono yake, kwa kutoyashindilia majani, bila kukijua jina. Je, si mengi tunayoyategemea yako namna hiyo? Upendo wa mtu aliyetulea, maombi ya bibi ambaye hatukusikia akiomba, pumzi yenyewe.

Pumzi inanirudisha kwa binti huyu, kwa sababu tulipoingia nyumbani kunywa chai alinitajia mtu ambaye habari zake humtia nguvu. Jina lake Max Perutz. Alizaliwa Vienna mwaka 1914, akaenda Cambridge nchini Uingereza mwaka 1936 akiwa kijana, na mwaka uliofuata akaanza kuchunguza hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu. Sisi wa nyanda hizi za juu tuna haki ya kuipenda protini hiyo. Mwanariadha Wilson Kiprugut Chumo wa hapa Kericho, aliyeiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, alibebwa nayo kila hatua.

Perutz alichagua kitu kikubwa mno. Hemoglobini ina minyororo minne, asidi amino 574, na atomu karibu 10,000. Wakati huo hakuna aliyekuwa amewahi kufumbua umbo la protini yoyote. Alianza mwaka 1937. Umbo lilionekana mwaka 1959. Ni miaka 22, na ndani yake mna mambo mawili ambayo ningependa tukae nayo kidogo.

La kwanza ni hili. Jumapili moja ya Mei 1940, polisi walimkamata nyumbani kwake Cambridge. Utawala wa Hitler uliwatesa watu wa asili ya Kiyahudi kama yeye, lakini kwa kuwa alizaliwa Austria alihesabiwa kuwa raia wa adui. Alihamishwa kambi baada ya kambi, mwishowe akavushwa bahari hadi Kanada, akafungwa huko nyuma ya seng'enge. Kambini, wafungwa wenye elimu wakaanza kufundishana, naye akawa miongoni mwa waliofundisha. Mwanzoni mwa mwaka 1941 alirudishwa Uingereza. Akarudi Cambridge, katika nchi iliyomfunga, akaitumikia wakati wa vita, akakubali uraia wake, akarudi kwenye fuwele zake, na akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 2002.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Aliandika juu ya kifungo hicho baadaye bila kuficha jinsi kilivyomuuma. Lakini nakumbuka Yusufu, aliyetupwa gerezani bila kosa na bado akawa mtu wa kutegemewa na waliomfunga. Kusamehe hakukumwondolea Yusufu kumbukumbu; aliwaona ndugu zake akalia. Kulichofanya ni kumwachia mikono yake ifanye kazi. Wewe je, mpendwa, kuna kitu kizuri ulichokuwa ukikifanya kwa mikono yako, ukakiacha siku ulipoumizwa, na bado kinakungoja?

La pili ni dogo zaidi, na nakiri kwamba ndilo linalonigusa zaidi. Mwaka 1950 Perutz na wenzake wawili walichapisha maelezo ya namna ambazo mnyororo wa protini ungeweza kujiviringa. Hawakuipata iliyo sahihi. Mwaka 1951, Jumamosi moja asubuhi, Perutz alifungua jarida maktabani akakuta Linus Pauling wa Marekani ameipata: msokoto mzuri, mwepesi, ulio wazi kabisa baada ya kuonyeshwa. Alipanda baiskeli akarudi nyumbani kula chakula cha mchana, moyo ukimchemka. Alijikasirikia kwa kukosa kitu rahisi hivyo.

Nakuomba usimame naye hapo mezani. Wengi wetu tumewahi kukaa kwenye meza hiyo. Jirani amepata bei nzuri, mwenzako amepandishwa cheo, mtu mwingine amesema kwa sentensi moja kile ulichokitafuta miaka kumi. Mtu hufanya nini baada ya chakula hicho cha mchana?

Perutz alitambua kwamba kama Pauling yuko sahihi, lazima kuwe na doa fulani kwenye picha za eksirei ambalo hakuna aliyelitaja. Alirudi maabara, akachukua unywele wa farasi, akauinamisha mbele ya miale kwa pembe ambayo hakuna aliyekuwa ameijaribu. Doa likatokea. Akaendelea, akalipata hata katika hemoglobini yake mwenyewe. Kisha akachapisha ushahidi huo, ushahidi wa ushindi wa mtu mwingine, na akamwandikia Pauling barua kumweleza jinsi alivyofurahi. Hasira ya mchana ule aliigeuza zawadi kwa mshindani wake. Nami najua jinsi ilivyo vigumu, kwa sababu ziko habari njema za wachungaji wenzangu ambazo zimenichukua juma zima kuzifurahia.

Miaka miwili baada ya hapo aligundua kwamba akifungamanisha atomu za zebaki na hemoglobini, madoa yangeweza kusomeka. Njia ikafunguka. Tuzo ya Nobel aliyogawana na mwenzake John Kendrew mwaka 1962 naiacha ipite. Magazeti ya wakati ule yalikwisha kuisimulia. Kuna jambo jingine lililotokea katika maabara yake ambalo liko karibu nasi zaidi.

Mwanafunzi mmoja aliyelelewa hapa Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchi hii mwaka 1949 akikusanya damu za watu. Aliona kwamba chembe za mundu, zile zinazosababisha ugonjwa wa selimundu, zilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na chache sana huku milimani. Mwaka 1954 alichapisha jibu: mtu mwenye urithi wa selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na malaria ilikuwa nyingi kule pwani na ziwani. Allison aliiacha hemoglobini ya selimundu katika maabara ya Perutz, na mtafiti aitwaye Vernon Ingram akaifanyia kazi. Mwaka 1957 alieleza tofauti yote iko wapi: asidi amino moja, ya sita katika mnyororo wenye 146. Moja tu. Kwa ajili ya hiyo moja, chembe ya damu inapinda kama mundu na mtoto analia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa.

Mashamba makubwa ya hapa yamewapa kazi watu wa ziwani na wa Magharibi kwa vizazi vingi, na nimekaa na wazazi katika nyumba za kambi za chai wakimkanda mtoto miguu. Huwa wananiuliza walikosa nini. Ninawajibu, polepole, mara nyingi kadiri wanavyouliza, kwamba hawakukosa kitu. Katika nchi ya malaria, urithi uleule uliomwumiza mtoto huyu uliwalinda mababu zake. Ninashukuru kwamba watu walikaa miaka mingi juu ya damu hiyo ili mimi niweze kumwambia mama jambo hilo na liwe kweli.

Tukiwa bado mezani binti aliniuliza swali lake, na niliona ndilo lililomkosesha usingizi kuliko maneno ya mama. Siku hizi kuna programu iitwayo AlphaFold. Unaipa mpangilio wa asidi amino, inakukadiria umbo, mara nyingi kwa usahihi wa kushangaza, ndani ya muda mfupi. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walipewa Nobel kwa ajili yake, pamoja na David Baker aliyebuni protini mpya. "Sasa Pasta, miaka yangu minne ni ya nini?"

Mama yake akainua macho. Katika nchi ya chai hakuna asiyelielewa swali hilo. Mashine za kuchuma zimeingia mashambani, na Mei 2023 baadhi yake zilichomwa moto hapa Kericho na watu waliohofia mkate wao. Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kulitengeneza. Nilimwuliza tu programu hiyo ilijifunza wapi.

Akafikiri. Ilijifunza, alisema, kutoka katika Protein Data Bank, hazina iliyofunguliwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba tu. Watafiti wa kila nchi, kila walipofumbua umbo, waliliweka humo, wazi kwa yeyote, bila malipo. Sasa yamepita 200,000. Kila moja lilikuwa kazi ya mtu fulani, ama watu kadhaa, na wengi wao walitazama matone asubuhi. Na programu bado hukosea, hasa kwenye sehemu zinazotikisika na zile zinazobadilika protini inaposhikana na kitu kingine; hapo lazima mtu apime. Protini yake ina sehemu kama hizo. Alipokuwa akisema hayo, sauti yake ilianza kuwa ya mtu anayejijibu. Akanieleza pia juu ya BioStruct-Africa, iliyoanzishwa na Emmanuel Nji wa Kameruni na wenzake ili kuwafundisha vijana wa bara hili kazi hii hii, na uso wake ukafunguka kama wa mtu anayetaja ndugu.

Mama ndipo alipoweka kikombe chini. Alianza kusema na bintiye kwa Kikipsigis, kwa sauti isiyokuwa yangu kuisikiliza. Nilitoka nje nikaenda kuangalia ng'ombe. Nilikaa huko muda mrefu kuliko ng'ombe walivyohitaji. Niliporudi macho yao yote mawili yalikuwa mekundu, na kibuyu cha maziwa ya mursik kilikuwa kimeletwa mezani.

Alhamisi binti alirudi chuoni. Ijumaa jioni nilipata ujumbe wake mfupi kwenye simu: ameitazama sahani aliyoiacha kabla ya likizo, vishimo 96, hakuna fuwele, tone moja lina kitu kama vumbi linalong'aa, hajui kama ni kitu, ataliacha likae. Nilimkuta mama kwenye kituo cha kupimia majani, amepanga foleni, nikamsomea. Aliomba simu, akausoma mwenyewe, midomo ikitembea. Kisha akaniuliza matone hayo hutazamwa kila baada ya siku ngapi.

Nilimwambia sijui.

"Mwulize," akasema, akisogeza gunia lake mbele. "Hii yetu ni siku tisa."